Kinachoziba choo cha haja ndogo ni jiwe

Chukua birika la kuchemshia maji ya kisima, limwage, kisha tazama chini yake. Utaona tabaka jeupe lililoganda, gumu hata kwa kisu. Jiwe la jinsi hiyo, likichanganyika na lile linalotokana na mkojo wenyewe, ndilo linaloziba mabakuli na mitaro ya haja ndogo katika skuli, masoko, bandari na maofisi yetu. Wengi hudhani ni uchafu wa kawaida, wakamwaga klorini. Harufu hupungua siku mbili, bomba likabaki vile vile.

Mkojo unapotoka mwilini aghalabu huwa na uasidi kidogo. Ukilala kwenye bomba, bakteria huivunja yurea iliyomo na kutoa amonia, ile harufu inayochoma macho ukifungua mlango asubuhi. Amonia huuondoa ule uasidi, na hapo kalsiamu, magnesiamu na fosfeti zilizokuwa zimeyeyuka huanza kuganda na kushika ukuta wa bomba, kila siku kidogo. Nasi tuna la ziada. Sehemu kubwa ya Unguja, na maeneo kadhaa ya Pemba, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima huja na chokaa yake. Kwenye vijiji vya pwani ambako kisima kina chumvichumvi, magnesiamu ya bahari hulikuza jiwe kwa kasi zaidi.

Jambo hili si la harufu tu. Choo kikiziba, watoto wa skuli huenda nyuma ya madarasa, na palipo na kijito huenda kijitoni. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka na mkojo, huanguliwa kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, vimelea vikaingia kwa konokono, kisha hurudi kwa mtoto mwingine anayeoga pale pale. Visiwa hivi vimepigana na kichocho kwa miaka mingi kwa kugawa dawa. Choo kinachopitisha maji ni sehemu ya vita hivyo.

Kabla ya kuzibua, jiulize kimeziba vipi. Kikiziba ghafla, kuna kitu kimetupwa: karatasi, kitambaa, kipande cha sigara, makapi ya tambuu. Hapo mpira wa kuzibulia au waya hutosha. Maji yakiwa yamepungua kasi wiki baada ya wiki, hilo ni jiwe. Na vyoo vyote vikirudisha maji kwa pamoja, usihangaike na bakuli, kaangalie karo, lile shimo la maji machafu, huenda limejaa.

Kwa jiwe, dawa ni asidi. Vaa glavu za mpira na kinga ya macho, fungua madirisha. Teka maji yote yaliyosimama kwa kopo, maana asidi ikichanganyika na maji hayo hupungua nguvu kabla ya kulifikia jiwe. Tumia siki, au asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali kama ndimu wanaotumia watengeneza jemu, kiasi cha gramu 100 kwa lita moja ya maji vuguvugu. Mimina taratibu, iache ilale usiku kucha, asubuhi sukuma kwa mpira na umwage ndoo ya maji. Rudia mara mbili tatu. Maji yanayochemka usiyatumie: bakuli huweza kupasuka na bomba la plastiki hulegea. Pia chunga asidi isirukie sakafu ya saruji wala kuta za chokaa za nyumba za Mji Mkongwe, kwani itazila kama inavyolila jiwe.

Ninaloliomba kwa msisitizo ni hili: usichanganye kamwe asidi na klorini. Hutoa gesi ya sumu inayoumiza mapafu, na chumba cha choo ni kidogo. Kama klorini imeshamwagwa, suuza kwa maji mengi na uache siku ipite kwanza.

Asidi ikishindwa, fundi bomba aufungue ule mpindo wa chini unaokaa maji ili harufu isipande. Aweke ndoo chini, agonge jiwe litoke. Bomba lililobaki na tundu la kidole ni bora likatwe na kuwekwa jipya la plastiki, lenye mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Bomba lililolala bapa litaziba tena hata likisafishwa vipi.

Kinga yake ni kutoacha mkojo ulale. Mwaga ndoo ya maji baada ya mapumziko na nyingine wakati wa kufunga. Mara moja kwa wiki weka siki usiku, na kabla ya likizo ndefu fanya hivyo hivyo. Weka kichujio kwenye tundu, na pipa la taka mlangoni kwa wenye kutafuna tambuu. Vidonge vyeupe vya nondo ni bora viachwe kabatini: huficha harufu tu, na vipande vyake huingia bombani.

Na maji bora kuliko yote kwa kazi hii hutuangukia bure wakati wa masika na vuli. Maji ya mvua hayana chokaa. Pipa moja chini ya bati la skuli, lenye mfuniko unaoziba vyema mbu wasizalie, liwekwe kando kwa ajili ya choo cha haja ndogo peke yake.