Kutu Huanzia Pale Mvua Isipofika

Ukipita Raskazoni au Sahare hapa Tanga, tazama grili za madirisha kabla ya geti. Mara nyingi chuma kilichojificha chini ya upenu, ambacho mvua haikigusi, ndicho kinachoanza kubanduka rangi, na kile kinachopigwa na masika kila mwaka kina afadhali. Wenye nyumba hushangaa nikiwaonyesha, maana tumezoea kuilaumu mvua. Kwetu pwani mvua huosha chumvi.

Na chumvi ndiyo adui. Mawimbi yakivunjika, matone madogo mno hupanda hewani na upepo wa kusi ukayaleta hadi ukutani. Maji hukauka, chumvi inabaki pale pale ikinyonya unyevu wa hewa. Unyevu ukifika kama asilimia 75, chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe. Ile ya magnesi, ambayo nayo imo baharini, huyeyuka hata unyevu usipofika nusu ya hapo. Usiku wa Tanga unavuka kiwango hicho kwa urahisi. Basi chuma kinalala kimelowa maji ya chumvi bila tone la mvua kuanguka.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuosha, na wala si rangi. Maji matamu na kitambaa, walau mara moja kwa mwezi, na zaidi kusi likivuma. Sisitiza kwenye upenu, nyuma ya grili, na chini ya viti vya barazani. Lakini angalia maji yenyewe: visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na ukiosha kwa maji hayo umeongeza tatizo.

Ukitaka kupaka rangi upya, osha kwanza kabla ya kupiga msasa. Mafundi wengi huruka hatua hii na inaniuma sana, kwa sababu mwenye nyumba analipia rangi nzuri inayokuja kutoa malengelenge mapema. Chumvi iliyofunikwa huvuta maji kupitia rangi. Osha, kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, osha tena, kikauke kabisa, kisha paka praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, siku hiyo hiyo kabla umande haujaanguka. Kwenye kingo kali na maungio paka mara mbili, maana hapo rangi hukaa nyembamba. Praima yenye zinki nyingi ndiyo ninayoipendekeza, mradi iguse chuma kitupu: zinki huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Ndiyo sababu meli za chuma hufungwa vipande vya zinki chini ya maji.

Bomba lililopakwa zinki kiwandani ni zuri, ila likichomelewa linapoteza kinga yake pale pale kwenye kiungo. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye 907, wakati chuma kinataka karibu 1,500. Ule moshi mweupe ni zinki inayoondoka (fundi asiuvute, unaleta homa). Kiungo hicho kisafishwe na kurudishiwa praima ya zinki kabla geti halijasimamishwa.

Bomba za mraba zizibwe juu na zitobolewe tundu dogo chini, maji yasituame ndani. Guu la nguzo liinuliwe kwa zege lenye mteremko. Zege hilo lisichanganywe na mchanga wa ufukweni hata kama ni wa bure; chumvi yake inakula nondo, kutu inavimba, zege linapasuka.

Kuhusu stenlesi, uliza namba ya aina yake dukani. 304 huota madoa ya kahawia karibu na bahari. 316 imechanganywa na metali iitwayo molibdenamu, inastahimili zaidi, na bei yake iko juu. Mimi huwashauri watu wainunue kwa ajili ya bawaba, komeo na boliti, sehemu zinazosuguana ambako rangi haikai. Nayo ioshwe vilevile.