Rododendroni iliyokimbilia juu: soma gome kabla ya kushika msumeno

Ikifika Mei, rododendroni, vile vichaka vya maua vya bustanini, zikichanua mtaa kwa mtaa kuanzia Tacoma hadi Seattle, hapa jimbo la Washington, Marekani, simu yangu haitulii, na ombi ni lilelile: njoo ukate huu mti unaoziba dirisha. Mara nyingi nyumba ni ya miaka ya 1950 au 1960. Mwenye nyumba wa kwanza alipanda mche mdogo chini ya dirisha la sebule, na sasa kichaka kimepita paa la kibaraza. Chini ni fito tupu, juu kuna kofia ya majani, na maua yote yako huko juu ambako anayeyafaidi ni jirani wa ghorofani. Siku hizi baadhi ya wapigaji ni wenzetu, Wakenya, Wakongo na Watanzania walionunua nyumba kwenye miji jirani ya Kent au Federal Way. Wengine wanafanya kazi hizihizi za bustani na wanataka kujua pa kuanzia. Naandika kwa ajili yao.

Neno langu la kwanza huwa haliwafurahishi: huenda kichaka chako hakihitaji kufupishwa. Na kama kinahitaji, si kila rododendroni huchipua tena ukiikata chini.

Rododendroni ni mmea wa msituni. Ina aina asilia zipatazo elfu moja, nyingi zikiwa za Himalaya na kusini-magharibi mwa China. Afrika haina hata moja ya asili. Watu wa ukoo wake kwetu ni ile miti ya erika unayokutana nayo ukipanda Kilimanjaro au Rwenzori, pale msitu mkubwa unapokwisha. Hapa Washington ipo ya kienyeji, Rhododendron macrophyllum, ambayo ndiyo ua la jimbo. Ilichaguliwa mwaka 1892 kwa kura za wanawake peke yao, jimbo likijiandaa kwa maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1893. Ukitembea Whidbey Island utaikuta chini ya miti mirefu ya jamii ya misonobari, imejinyonganyonga kutafuta mwanga, matawi wazi, maua machache kileleni. Haiumwi. Hivyo ndivyo inavyoishi.

Ya bustanini hufuata tabia hiyo. Jani lake hukaa miaka miwili, mitatu, halafu linaanguka, na majani mapya hutoka nchani tu. Kwa hiyo tumbo la kichaka huwa wazi siku zote, hata kikiwa na afya tele. Kikipandwa mahali penye mwanga kutoka pande zote, uwazi huo hufichwa na majani ya nje hadi chini. Kikipata kivuli cha mierezi iliyokua pembeni, au kikibanwa na ukuta wa nyumba, majani ya chini hufa njaa na nguvu yote huenda juu. Ukiukata mmea wa namna hiyo bila kugusa kivuli chake, baada ya miaka sita utanipigia tena simu kwa ombi lilelile. Nikiitwa, naanza kwa kutazama juu ya kichaka kabla ya kukitazama chenyewe. Mara nyingine msumeno unatakiwa kwenye tawi la mwerezi.

Kuna pia suala la lebo. Urefu unaoandikwa kwenye lebo ya rododendroni dukani ni makadirio ya mmea wenye miaka kumi. Iliyoandikwa futi sita haitasimama futi sita. Itaendelea kupanda taratibu muda wote wa uhai wake, na uhai wake unaweza kupita wa aliyeipanda. Watu wengi wanapigana na kichaka ambacho kosa lake pekee ni kupandwa mahali padogo.

Sasa, dawa ninayoipenda kuliko zote ni kukipandisha kichaka kiwe mti. Badala ya kukata juu, unaingia ndani na chini. Ondoa kwanza matawi makavu, ambayo huvunjika kwa mkono, kisha yanayosuguana, kisha vijitawi dhaifu vya chini, mpaka mashina makuu yaonekane. Mashina ya rododendroni nzee yana mikunjo mizuri ambayo hakuna mmea mchanga unaoweza kukupa. Usivuke robo ya majani yote kwa mwaka mmoja. Kazi hiyo huisha kwa nusu siku, maua hayapotei, na chini unapata nafasi ya kupanda kangaga. Seattle ndiko Cass Turnbull alikoanzisha PlantAmnesty mwaka 1987, chama cha kupinga ukataji holela wa miti na vichaka, na ukiona uzio wa rododendroni ulionyolewa kwa mashine hadi ukawa sanduku utaelewa kwa nini alikasirika. Ile ya majani makubwa ikinyolewa hubaki na majani yaliyokatwa nusu na vishina visivyo na chochote.

Dawa ya pili watu hawaiamini mpaka waione: kihamishe. Mizizi ya rododendroni ni myembamba, mingi, na haishuki chini sana. Imesokotana karibu na uso wa udongo. Kichaka kinachompita mtu mzima kimo kinaweza kung'olewa na bonge lake pana la mizizi, kikaburutwa juu ya turubai na kupandwa mahali penye nafasi. Fanya mvua za Oktoba zikishaanza, watu wanne wenye nguvu, na ukipande kwa kina kilekile kilichokuwa nacho. Ukikizamisha kitakufa polepole.

Tuseme basi umepima yote hayo na bado lazima ukate. Hapo ndipo gome linaposomwa.

Mimi nimekulia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ambako mbuni mzee wa kahawa hukatwa kisiki kama futi moja hivi kutoka ardhini, na baada ya muda mfupi umejaa machipukizi hadi inabidi uchague ya kubakiza. Wenzangu waliotoka kwenye kahawa wanakuja huku na imani hiyo. Rododendroni nyingine zinaistahili. Zenye gome la kukwaruza, lililopasukapasuka, kwa kawaida huwa na macho, yaani machipukizi ambayo hayajatoka, yaliyolala chini ya gome, na zikikatwa chini huamka. Zile za kawaida za bustani za zamani, zenye majani makubwa magumu, nyingi ziko kundi hilo. Rhododendron ponticum ndiyo sugu kupita zote, na ndiyo sababu Uingereza na Ireland zinahangaika kuing'oa kwenye misitu yao: ukiikata bila kushughulikia kisiki, inarudi. Lakini zenye gome laini linalobanduka vipande vyembamba, kama Rhododendron thomsonii na Rhododendron barbatum, hazichipui kwenye mti mzee. Kisiki chake kitabaki kisiki. Hizo zipunguze nchani tu, au zihamishe, au zivumilie.

Aina za majani madogo, pamoja na azalea, ambazo nazo ni rododendroni ingawa dukani huwekwa meza nyingine, hazina makuu. Huchipua karibu popote utakapokata, hata ukizipunguza kwa mkasi wa kunyolea uzio.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio. Chagua tawi moja nyuma ya kichaka, lisiloonekana barabarani, likate pale unapotaka kichaka chote kifike, kisha subiri msimu mmoja wa ukuaji. Likichipua, una jibu. Lisipochipua, umepoteza tawi moja. Mteja asiye na subira ya jaribio hili huwa namwambia atafute mtu mwingine, na simaanishi mzaha.

Halafu tazama afya. Kichaka huchipua kwa chakula kilichohifadhiwa kwenye shina na mizizi, na kilicho hoi hakina akiba. Majani ya njano yenye mishipa ya kijani huashiria kwamba mmea haupati chuma, mara nyingi kwa sababu chokaa ya msingi wa zege imepunguza tindikali ya udongo; rododendroni inataka udongo wenye pH, kile kipimo cha tindikali, kati ya 4.5 na 6. Majani yaliyonyauka yasiyoamka hata ukimwagilia yanaweza kuwa ugonjwa wa kuoza mizizi, na hapo msumeno hauponyi kitu. Fukua pia kuzunguka shina. Mara nyingi nakuta matandazo ya miaka mingi yamelundikwa mpaka shina limezikwa. Yaondoe, mwagilia kiangazi kizima, acha kichaka kipate nguvu, na kukata kungoje mwaka unaofuata. Meno meno kwenye kingo za majani yasikutishe sana. Ni mdudu anayekula usiku, na kukata matawi hakumwondoi.

Wakati wa kukata unategemea unakata kiasi gani. Ukipunguza kidogo, fanya mara tu maua yanaponyauka, Mei au Juni kwa huku kwetu. Vitumba vya maua ya mwaka ujao hutungwa wakati wa kiangazi, kwa hiyo anayekata Agosti anakata maua ya mwakani bila kujua. Ukikata sana, afadhali Februari mwishoni au Machi, kabla ukuaji haujaanza. Utakosa maua ya mwaka huo, lakini machipukizi yatakuwa na msimu mzima wa kukomaa kabla ya baridi.

Mahali pa kukata hapakisiwi. Rododendroni ya majani makubwa hukua kwa mikupuo, na kila mkupuo huacha alama kama pete kuzunguka tawi, pale magamba ya kitumba yalipokuwa. Majani yamejikusanya kwa mafungu, na macho yamo kwenye makwapa ya majani hayo, au pale yalipokuwa kabla hayajaanguka. Kata nusu inchi juu ya fungu la majani au juu ya kundi la makovu yake. Kwenye mti mzee usio na alama, pitisha kidole taratibu. Ukiona vichunusi vidogo, kata juu yake. Usipoviona, kata palipo na nafuu kwako, ngoja chipukizi litokee, kisha rudi uondoe kipande kikavu kilichobaki juu yake. Kidonda usikipake rangi wala lami. Msumeno ufute kwa spiriti ukihama kutoka kichaka hadi kichaka.

Mimi hupenda kugawa kazi kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza naondoa theluthi moja ya mashina, yale marefu kupindukia, nikiyakata kwa vimo tofauti kati ya futi moja na tatu ili yasichipue mstari mmoja. Mwanga unaoingia huamsha mengine. Mwaka wa pili theluthi nyingine, wa tatu ya mwisho. Majani yaliyobaki yanaendelea kulisha mizizi, na mteja hakai akitazama visiki mbele ya mlango. Kukata chote kwa siku moja kunawezekana kwenye kichaka chenye gome la kukwaruza na afya njema, na nimewahi kufanya kwa walioshikilia hivyo, lakini huwaambia mapema kwamba maua watayasubiri kati ya miaka miwili na minne.

Baada ya hapo, kazi kubwa ni maji. Watu hudhani Seattle inanyesha mwaka mzima, kumbe Julai na Agosti ni kiangazi kamili, na mizizi isiyo na kina hukauka haraka. Mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki, tandaza vipande vya magome inchi mbili au tatu, usiyagusishe na shina. Mbolea kali usiimwage. Chipukizi lililokimbizwa na naitrojeni huwa refu na laini, na ndicho ulichokuwa unakikimbia. Machipukizi yakiwa mengi kwenye kisiki kimoja, yaache kiangazi cha kwanza, kisha mwaka unaofuata bakiza matatu au manne yenye kuelekea nje. Chipukizi likimaliza na kitumba kimoja chembamba nchani, hicho ni cha majani: kivunje kwa kidole na matawi mawili matatu yatatoka chini yake. Kinene ni cha maua, kiache.

Angalia pia chini kabisa. Rododendroni nyingi za zamani ziliunganishwa kwenye shina la ponticum au la aina nyingine ngumu, na ukikata chini ya kiungo unachofufua ni shina la chini. Chipukizi lenye majani tofauti linalotoka udongoni ling'oe kwa mkono likiwa changa, maana ukilikata kwa mkasi litarudi na wenzake. Wanaonieleza kwamba rododendroni yao nyekundu "imebadilika rangi" kuwa zambarau mara nyingi wameachia shina la chini limeze la juu.

Na mabaki ya matawi, tafadhali, yasiende kwa mbuzi. Baadhi ya wenzetu wanafuga nje ya mji na wanaona rundo la majani mabichi kama bahati. Majani ya rododendroni na azalea yana sumu, na mbuzi au kondoo akila hata kiasi kidogo hutapika, hutokwa na mapovu, na anaweza kufa. Yapeleke kwenye pipa la taka za bustani, na kama zizi liko karibu, fagia hata yaliyodondoka njiani.