Bajeti Haitungwi Juni

Mwaka huu tena, siku moja kabla ya Waziri wa Fedha kusoma bajeti, mzee mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Busia ya Uganda, mpakani na Kenya. Barua alikuwa ameifunga kwenye nailoni isilowe. Chini yake majina ya wanakijiji, wengine wametia dole gumba. "Mwanangu, anasoma kesho. Tuingizieni kisima chetu."

Iliniuma. Watu walizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya majina hayo, na mlango ulishafungwa kitambo.

Bajeti inayosomwa Juni imeshaamuliwa. Sheria ya fedha za umma ya 2015 inalitaka Bunge liwe limeipitisha ifikapo 31 Mei, na mabaraza ya wilaya yana tarehe hiyohiyo. Siku ya hotuba mnasomewa tu. Mwelekeo wa bajeti hufika bungeni kabla ya Desemba kwisha, na kuanzia hapo kuhamisha hata shilingi ni vita. Waraka wa kwanza wa kuandaa bajeti hutoka Septemba. Basi kisima mnachokitaka mwaka wa fedha unaoanza Julai ijayo kizungumzwe kijijini sasa, kipandishwe ngazi ya parishi, kisha kifike ngazi ya sabukaunti, ndipo wilaya ikipokee. Nimeyasema haya sokoni, msikitini, hata matangani. Septemba, ndugu zangu, si Juni!

Wengine hunijibu: "Mbunge wetu atatuletea." Ibara ya 93 ya Katiba haimruhusu mbunge kwa hoja yake binafsi kuongeza mzigo kwenye Hazina. Hoja hiyo lazima itoke serikalini. Mbunge anaweza kuwasemea, na hilo mdaini.

"Pesa zimefika wilayani, wilaya iamue." Nyingi huja zimefungwa masharti. Za mishahara ya walimu haziwezi kuchimba kisima, hata mwenyekiti wa wilaya apige meza.

"Zinazobaki wanagawana." Zisizotumika hadi 30 Juni sheria inataka zirudi Hazina. Ndiyo maana mkandarasi akisuasua mwezi wa Aprili mimi silali.

Yule mzee nilimwomba arudi na muhtasari wa mkutano wa kijiji, uliotiwa sahihi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Na kwanza wamalizane na mwenye shamba, akubali kwa maandishi kisima kikae kwake. Nimeona mashine ya kuchimba ikigeuzwa njiani kwa sababu ya karatasi hiyo moja.