PANDAS ni nini, na koo la mtoto linaingiaje kwa mambo ya OCD, ule ugonjwa wa mawazo yasiyotoka kichwani na kulazimika kurudia kitu tena na tena?

Kwa ploti yetu hapa Kayole kuna kijana wa miaka saba, mtoto mchangamfu sana, aliugua koo na homa siku kadhaa akapona akarudi shule. Wiki mbili hivi baadaye akaanza kunawa mikono na haachi, ananawa na sabuni ya unga mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, ukificha jerikeni analia, "Mathe, una uhakika ni safi?" Majirani wakasema karogwa, wengine ati ni ukaidi achapwe tu, na hiyo iliniuma sana.

Sisemi alikuwa na PANDAS, hiyo ni kazi ya daktari, lakini wazazi wajue kitu kama hicho kipo. PANDAS ni kifupi cha Kiingereza cha shida za akili na neva za watoto zinazohusishwa na strep, pale kinga ya mwili inapojishambulia. Jina lililetwa na daktari Susan Swedo na wenzake huko Marekani mwaka 1998, walipoeleza watoto 50 walioanza ghafla OCD ama misuli kujirukia yenyewe baada ya kushikwa na bakteria ya strep, hii ya koo, hiyohiyo inayoweza kuharibu valvu za moyo isipotibiwa. Nadharia yao ni kwamba mwili unatoa kingamwili za kupigana na strep, sasa kwa vile strep inafanana kidogo na seli zetu, kingamwili zinapotea njia zinashambulia sehemu ya ndani kabisa ya ubongo, ile inayotusaidia kuanza na kuacha kufanya kitu. Madaktari bado wanabishana juu ya hii PANDAS, na OCD nyingi haianzi hivyo, huja polepole.

Mwaka 2017 kule Denmark walitoa utafiti wa watoto zaidi ya milioni moja, wale waliopimwa wakapatikana na strep walikuwa na hatari ya OCD juu kwa karibu asilimia 51, na hata koo lisilo la strep liliongeza hatari, ila kidogo kuliko hiyo. Usishtuke na hiyo namba lakini, OCD yenyewe si ya watoto wengi, so karibu wote wanaougua koo hawapati chochote.

Kwa hivyo mtoto akibadilika ghafla, usikimbilie kemisti kununua antibaiotiki za kukisia. Mpeleke hospitali, umwambie daktari lini koo liliuma, lini kunawa kulianza, na kama kuna dawa aliachia katikati. Na OCD ina matibabu yake, kwa maongezi na mtaalamu na dawa pia, hata kama chanzo hakijulikani.