“Hiyo Ni Kazi ya Pasta”: dhana potofu kuhusu kushuhudia imani, na ukweli wake

Mwaka 2023, wakimbizi wa vita kutoka Rutshuru na Masisi walipozidi kumiminika pembeni mwa mji wetu wa Goma, mashariki ya Kongo, sisi akina mama wa parokia tulichanga maharagwe, unga wa bugali na sabuni, tukakodi gari hadi kambi moja magharibi ya mji. Kabla ya kugawa tuliimba nyimbo tatu, kisha mmoja wetu akahubiri karibu saa nzima kuhusu kumpokea Yesu. Jua lilikuwa kali. Watoto walikuwa wamekaa juu ya mawe meusi ya volkano wakitazama magunia.

Tulipomaliza, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanishika mkono. “Dada, Mungu awabariki kwa maharagwe,” akasema. “Sisi hapa tunasali kila asubuhi kabla ya kwenda kuchota maji. Mngetuuliza kwanza.” Nikaja kujua kwamba ni yeye aliyeanzisha hiyo sala ya asubuhi, akizunguka vibanda vya turubai kimoja baada ya kingine. Kwao alikuwa muuza sombe, yaani majani ya mihogo. Hakuwahi kuwa na cheo chochote kanisani.

Maneno yake yamenifanya nipime upya mengi tunayoambiana kuhusu wajibu wa Mkristo kuwashirikisha wengine imani yake.

Dhana: “Kuhubiri ni kazi ya pasta na mwinjilisti. Mimi ni muumini tu.”

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi. Hapa Goma dhana hii ina nguvu sana, labda kwa sababu hatukosi watumishi: karibu kila avenyu ina chumba cha sala. Mtu anatoa sadaka, anaimba kwenye kwaya, na moyoni anaona kwamba kusema habari za Kristo ni kazi ambayo mwingine amekwisha kuifanya kwa niaba yake.

Wapo wanaoitetea kwa Maandiko. Wanasema agizo la Mathayo 28 walipewa wale kumi na mmoja, kule mlimani Galilaya, wala si sisi. Lakini lisome hadi mwisho. Hao kumi na mmoja waliambiwa wawafundishe wanafunzi wapya kuyashika yote waliyoamriwa, na hilo agizo lenyewe limo ndani ya hayo yote. Mwanafunzi anayefundishwa kila kitu isipokuwa kwenda kwa wengine, amefundishwa nusu.

Halafu kuna Matendo ya Mitume sura ya 8. Stefano ameuawa, mateso yameanza Yerusalemu, na Luka anaandika kwamba wote walitawanyika katika nchi ya Uyahudi na Samaria, “isipokuwa hao mitume.” Wenye cheo walibaki mjini. Mstari wa 4 unaendelea: “Lakini wale waliotawanyika wakaenda huko na huko wakilihubiri neno.” Injili iliyotoka Yerusalemu safari hiyo ilibebwa na wakimbizi. Nilikuwa nimesoma sura hiyo mara nyingi tangu ujana wangu bila kuwaona kama watu waliofunga mafurushi usiku na kuwashika watoto mikono. Sasa nawaona, maana nimewaona kwa macho kwenye barabara ya Sake, magharibi ya Goma.

Sura ya 11 inawafuata mpaka Antiokia. Watu wa Kipro na Kirene wakaanza kusema na Wayunani, na kanisa likazaliwa katika mji ule ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Barnaba na Sauli, waliokuja baadaye, tunawajua kwa majina. Walioanza kazi, Luka hakuwataja jina hata mmoja. Huwa nawafikiria ninapopita soko la Kituku, kando ya ziwa, akina mama wakinunua sambaza. Samaki hao hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wako katika kila sufuria ya mji huu. Nani kati yetu anajua majina ya waliowabeba?

Na tusiseme hayo yaliishia kwenye Biblia. Isidore Bakanja alikuwa kijana wa Équateur, kaskazini-magharibi ya Kongo, msaidizi wa waashi pale Mbandaka, aliyebatizwa mwaka 1906. Hakuwa padri. Alipokwenda kufanya kazi kwenye shamba la wazungu, aliwafundisha wafanyakazi wenzake kusali na akakataa kuvua skapulari yake, kile kitambaa cha ibada ya Bikira Maria kinachovaliwa shingoni. Alichapwa viboko hadi nyama za mgongo zikaachana, akafa kwa vidonda hivyo mwezi wa Agosti 1909. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Alikuwa Mkristo kwa miaka mitatu tu.

Paulo anawaambia Waefeso, sura ya 4, kwamba wachungaji na walimu walitolewa ili kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke. Kwa hiyo pasta ana kazi yake, nayo ni kututayarisha sisi. Jirani zangu Wakatoliki wa shirika, ile jumuiya ndogo ya mtaa, wana neno lilo hilo: Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake ya mwezi wa Novemba 1965 kuhusu utume wa walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, ulisema kwamba wito wa Mkristo, kwa asili yake, ni wito wa utume.

Dhana: “Matendo yangu mema yanatosha. Sina haja ya kusema.”

Wanaosema hivi mara nyingi wanamtaja Fransisko wa Assisi, eti aliagiza: hubirini siku zote, na ikibidi tumieni maneno. Sentensi hiyo haipatikani katika maandishi yake wala katika simulizi za kwanza za maisha yake. Fransisko mwenyewe alikuwa mhubiri, tena wa hadharani.

Naelewa kwa nini sentensi hiyo inapendwa. Tumechoshwa na watu wanaonena vizuri Jumapili na kupunja kipimo cha unga Jumatatu. Ila neno na tendo havikupewa sisi tuchague kimoja.

Goma ina mfano wake. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa mwaka 1981. Alifanya kazi katika ofisi ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka, na jioni alikuwa na watoto wa mtaani, wale tunaowaita maibobo, katika jumuiya ya Kikatoliki ya Sant’Egidio. Watu walimletea pesa ili apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake uwanjani Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa mwenye heri kule Roma.

Watu wengi wanaishia hapo: tendo, kimya. Lakini tunajua kwa nini alikataa kwa sababu alisema. Aliwaeleza watu wa karibu kwamba pesa itaisha upesi, na wale ambao wangekula chakula kile je? Swali lake lilikuwa kama anaishi katika Kristo ama la. Bila maneno hayo machache angekumbukwa kama mfanyakazi mwaminifu, na hilo ni jambo jema, lakini hakuna ambaye angejua uaminifu ule ulichota maji katika kisima gani.

Petro anaunganisha vyote viwili katika mstari mmoja: mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu. Maisha yako ndiyo yanayomfanya jirani aulize, na akiuliza, anastahili jibu.

Dhana: “Sijasoma Biblia vya kutosha, wataniuliza nikose jibu.”

Utakosa, ndiyo. Yule kipofu wa Yohana 9 aliulizwa na wasomi maswali ya teolojia akajibu kwamba hayo hayajui, ila anajua neno moja: alikuwa kipofu, na sasa anaona. Yule Mgerasi aliyetolewa pepo aliomba kumfuata Yesu, akatumwa nyumbani kwao awaambie ni mambo gani Bwana amemtendea. Shahidi barazani, mbele ya hakimu, anaulizwa alichoona. Swali lisilo na jibu lijibiwe “sijui, nitauliza,” kisha ukaulize kweli.

Dhana: “Asipookoka nimeshindwa, na damu yake itadaiwa mikononi mwangu.”

Dhana hii imewaumiza watu wazuri. Namfahamu dada mmoja aliyelia miaka miwili baada ya kifo cha kaka yake, akiamini kwamba alimpeleka motoni kwa kutosema vya kutosha. Alikuwa amesema, tena mara nyingi.

Andiko linalotumiwa ni Ezekieli 33, habari za mlinzi na tarumbeta. Wanaolisoma kwa kutisha huishia mstari wa 8. Mstari wa 9 unasema kwamba mlinzi akimwonya mtu na yule asigeuke, mlinzi ameokoa roho yake. Kosa analoulizwa mlinzi ni kunyamaza. Kugeuka kwa moyo wa mtu hakumo mikononi mwake. Paulo alihubiri Athene, wengine wakadhihaki, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine, wachache wakaamini, naye akaondoka akaendelea na safari. Kwa Wakorintho akaandika: “Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu.”

Ndiyo maana siafiki ile desturi ya kurudi kutoka kampeni ya Injili na hesabu ya roho zilizookoka kama mavuno ya mihogo. Mtu aliyeinua mkono kwenye umati, kesho yake nani amemfikia nyumbani?

Dhana: “Kadiri sauti inavyokuwa kubwa, ndivyo ushuhuda unavyokuwa na nguvu.”

Spika za mkesha zinazoelekezwa dirishani kwa mgonjwa hazimletei Kristo. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 22, inampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake, peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani, kwa kuheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili na haki za wengine. Petro alishasema, katika mstari uleule wa tumaini: “kwa upole na kwa hofu.” Jirani yangu Mwislamu wa mtaa wa Birere amenisikiliza mara nyingi, na mimi nimemsikiliza yeye. Hajabadili dini. Bado tunapelekeana chakula.

Dhana: “Ukimlisha mtu, umepata haki ya kumhubiria.”

Hapa narudi kambini, kwa sababu hili nimelitenda mimi. Hatukumwambia yeyote kwamba asiposikiliza hatapata maharagwe. Hatukuhitaji kusema, magunia yalikuwa mbele yao yakisema. Mashirika ya msaada yalikubaliana tangu 1994, katika kanuni walizoandika pamoja na Msalaba Mwekundu, kwamba msaada hautatumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Wapo Wakristo wanaoona kanuni hiyo ni ya watu wasiomjua Mungu. Mimi naiona imo ndani ya Injili. Wakoma kumi waliponywa, mmoja akarudi kushukuru, na wale tisa hawakunyang’anywa uponyaji wao.

Mwenye njaa akisema “ndiyo” mbele ya gunia, hujui amesema ndiyo kwa nani. Humtendei haki yeye, wala yule unayemtangaza.

Tulirudi kambini baada ya majuma matatu. Safari hii tuligawa kwanza, kila mtu akapeleka chake kibandani. Kisha nikamtafuta yule mama, nikamwuliza kama wangependa tusali pamoja. Akaita watu, wakaja kama ishirini, wengine hawakuja, na hakuna aliyewafuata. Yeye ndiye aliyeongoza, kwa Kihunde na kwa Kiswahili, akieleza jinsi walivyotoka kijijini usiku na jinsi alivyoona mkono wa Mungu njiani. Yule mama wa parokia yetu aliyekuwa amehubiri saa nzima mara ya kwanza alikaa juu ya bidoni la manjano, mtoto wa mwenyeji mapajani, akisikiliza.