Kahawa chungu haikutoi usingizi zaidi, jamani

Jana tena. Kaka mmoja kaagiza espreso, kapiga funda moja, kanirudishia kikombe: "Dada, hii haina nguvu, mi nataka ile nyeusi chungu kabisa, naendesha usiku kwenda Dar." Nimetabasamu maana ndio kazi, ila ndani nachemka kuliko mashine. Hii imani ya kwamba kahawa ikiwa nyeusi na chungu ndio inafukuza usingizi nimeisikia hapa Mtwara kote, Shangani, Ligula, Mikindani, nimeisikia kwa wanaojua kahawa na wasiojua, na bosi wangu mwenyewe anaiamini. Kwahiyo leo naandika, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Kinachofukuza usingizi ni kafeini, na yenyewe ni chungu, hilo nakubali, lakini kwenye kikombe inachangia sehemu ndogo tu ya ule uchungu. Ushahidi rahisi: kuna kahawa zinatolewa kafeini kiwandani, karibu yote, na bado ni chungu karibu vilevile. Ingekuwa uchungu ni kafeini, hiyo kahawa ingekuwa kama maji ya uji. Uchungu mwingi unatengenezwa kwenye kikaango. Buni mbichi ina asidi zake, zikipata moto zinavunjika na kugeuka vitu vingine vichungu, na ukizidi kukaanga mpaka mbegu inang'aa mafuta, vinazaliwa vichungu zaidi, vile vinavyong'ang'ania nyuma ya ulimi. Kafeini yenyewe inauvumilia ule moto, inapotea kidogo sana. Yaani buni ileile ukiikaanga kahawia au ukiikaanga mpaka iwe kama mkaa, kafeini haijaongezeka hata chembe, itoke wapi? Watu wa huku wanaelewa nikiwaambia hivi: korosho ukiibabua mpaka ikawa nyeusi itakuwa chungu, lakini hakuna mtu wa Newala atakayekubali kwamba sasa imekuwa korosho zaidi.

Kuna wajuaji watakuja kusema "lakini nimesoma kahawa isiyokaangwa sana ndio ina kafeini nyingi". Inategemea umepima kwa nini. Mbegu iliyokaangwa sana imepoteza maji, imevimba, imekuwa nyepesi. Ukichota kwa kijiko, ile nyeusi inaingia kidogo kwa uzito, kwahiyo ya kahawia inashinda kidogo. Ukipima kwa mizani zinakaribiana sana, saa nyingine nyeusi ndio inazidi kidogo maana ina maji machache. Ni tofauti ya kubishania barazani tu, haitamsaidia mtu anayesinzia pale Somanga, njiani kwenda Dar.

Kinachotofautisha kweli ni aina ya buni na wingi wa unga. Arabika ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake, robusta inafika kama 2.2, yaani karibu mara mbili. Arabika yetu inatoka Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na Mbinga, robusta ni Kagera. Sasa yule anayeidharau kahawa ya unga ya kukoroga inayotengenezwa Bukoba, eti ya wanafunzi, ajue robusta ndio zao la huko. Na hapa niseme kitu kinachonikera pembeni: Mbinga si mbali na sisi kivile, barabara ni Songea, Tunduru, Masasi, umefika, lakini mifuko tunayopokea hapa dukani imekwenda kukaangwa mbali huko kaskazini halafu ndio inashuka Mtwara imeshachoka. Basi.

Turudi kwenye mashine maana hapo ndio nateseka. Naweka gramu 18 za unga, natarajia kama gramu 36 kikombeni, ndani ya sekunde 25 mpaka 30, presha ya bari 9, maji nyuzi 90 mpaka 96. Mteja kasimama mbele ya kaunta ananiambia "dada usizime, iache itoke iwe kali." Mpenzi, sehemu kubwa ya kafeini imeshatoka mwanzoni kabisa, inayeyuka kwenye maji ya moto haraka. Hayo matone ya mwishomwisho yaliyopauka unayoyang'ang'ania ni maji na uchungu, basi. Unachonidai ni kahawa iliyokamuliwa kupita kiasi, nikikupa utakunja uso utasema "eeeh, hii sasa ndio kahawa", na kafeini ni ileile au imezidi kwa kitu usichoweza kukihisi. Ukitaka nguvu sema dabo, niweke unga zaidi.

Sasa nikiri kitu ambacho kwenye mafunzo hawakwambii. Zile sekunde 25 mpaka 30 mimi siziamini sana. Hapa pwani unyevu unacheza na unga kuliko mtu, asubuhi umesaga vizuri inatoka inatiririka kama asali, saa nane mchana kwa msagio uleule inakimbia kama bomba la maji au inagoma kabisa, na msimu wa mvua ndio usiseme, unagusa mashine ya kusagia kila saa. Nimeshaonja espreso ya sekunde 22 tamu kabisa na nyingine ya 28 iliyofuata sheria zote ina ladha ya kamba. Kwahiyo naonja, saa ni ya kunikumbusha tu. Na yale maandishi kwenye mfuko, eti machungwa, maua, chokoleti, siku nyingi mimi napata kahawa. Chokoleti naipata nikishaambiwa ipo.

Halafu kuna hoja moja ya wateja ambayo siwezi kuitupa. Wanasema "mbona ile ya mzee wa kahawa pale stendi inanikesha na ni chungu?" Ni kweli inakukesha. Mzee anachemsha unga laini kwenye dele juu ya mkaa muda mrefu, unga mwingi, tangawizi juu, kwahiyo kinachoweza kutoka kimetoka chote, uchungu umetoka na kafeini imetoka, ndio maana unaviona viwili vinaongozana ukadhani kimoja ni mama wa mwingine. Na hunywi kikombe kimoja, vikombe ni vidogo, unakunywa na kashata, unaongezewa, mpira unajadiliwa, unakuja kustuka umemaliza vitano. Mzee namheshimu sana, shikamoo yake, nikiwa sina zamu naenda kwake.

Ramadhani ndio naiona vizuri hii. Mchana duka linalala, tunafuta meza zilizo safi, nakaa nahesabu vijiko. Baada ya tarawehe watu wanaingia kwa mkupuo, familia nzima, kapuchino, late, amerikano, na mjomba mmoja lazima aseme mpe yule mtoto isiyo chungu asikeshe. Mtoto anapewa late ya maziwa mengi yenye espreso ileile, kafeini ileile, maziwa yameficha uchungu tu. Kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu kwa mtu mzima wa kawaida, kwahiyo uliyokunywa saa tatu usiku, saa nane usiku nusu yake bado iko na wewe. Kesho yake mama yake analalamika mtoto hajalala mpaka daku. Nilisema!

Kazi yenyewe kwa ujumla? Unasimama kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mkono una alama za mvuke, joto la Mtwara juu ya joto la mashine, feni inapuliza hewa ya moto. Umeme ukikatika boila inapoa, ukirudi inabidi usubiri ipate joto tena na watu wamepanga foleni wanakuangalia kama wewe ndio Tanesco. Maziwa ni ya boksi mara nyingi, yanatoa povu zuri tu, ila mteja anataka yachemke mpaka yaunguze mdomo wakati ukipita nyuzi 65 hivi ule utamu wake unaanza kuondoka, nikimpa vizuri anasema ya vuguvugu. Msimu wa korosho, minada ikianza mwezi wa kumi, pesa inaingia mjini na tipu zinaonekana, watu wanajaribu vitu, wanauliza. Ikifika mwezi wa tatu wa nne hata wale wa kila siku wanagawana kikombe kimoja wawili. Raha yake ipo lakini, harufu ya mfuko mpya ukiukata asubuhi, na kuna nesi mmoja anayetoka zamu ya usiku, alikuwa wa "chungu kabisa na sukari nne", siku hizi anakunywa bila sukari na ananiambia leo umesaga laini sana. Huyo nampa biskuti bure, bosi asisome hapa.

Kwahiyo ukija kaunta na una safari, usiniambie chungu, niambie dabo, au uliza kama kuna robusta kwenye mchanganyiko wa leo. Ukipenda ladha chungu kama chungu, hilo ni lako, nitakutengenezea na sitakusimanga, sio kila mtu anywe ninavyopenda mimi. Na wewe kaka wa safari ya usiku, kama unasoma: kunywa, halafu subiri kama nusu saa ndio iingie vizuri, na ukisinzia weka gari pembeni ulale, hakuna kikombe ninachoweza kukutengenezea kinachochukua nafasi ya kulala.