"Hatuna kompyuta" na dhana nyingine potofu kuhusu sayansi ya kompyuta darasani

Kila ninapokwenda kuendesha mafunzo ya walimu kazini katika wilaya za mkoa huu wa Dodoma, iwe Bahi, Kongwa au Chemba, huwa sijamaliza hata kusaini kitabu cha wageni kabla ya kuambiwa sentensi ileile: "Karibu sana mkufunzi, lakini sisi hapa hatuna kompyuta." Husemwa kwa upole na heshima, kama mwenyeji anayemtaka radhi mgeni aliyefika chungu kikiwa kimekwisha kuoshwa. Mwezi uliopita niliisikia mara tatu katika siku moja, kutoka kwa mwalimu mkuu, kwa mwalimu wa taaluma na hatimaye kwa Afisa Elimu Kata, na kwa kweli subira yangu ilifika ukingoni.

Dhana iliyo nyuma ya sentensi hiyo ni kwamba sayansi ya kompyuta ni elimu ya kile chombo chenye kioo na vibonye, kwa hiyo pasipo chombo hapana somo. Ukweli ni kwamba sayansi hii imekitangulia chombo chenyewe. Neno algorithimu, yaani mfuatano wa hatua za kukamilisha kazi, limetokana na jina la al-Khwarizmi, msomi wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye hesabu zake alizifanya kwa mkono. Mwaka 1936, Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, alichapisha makala iliyoeleza mashine ya kusoma na kuandika alama mojamoja kwenye utepe mrefu. Mashine hiyo ilikuwa katika karatasi tu, na bado nadharia ya kompyuta zote tunazozitumia leo imesimama juu yake. Tangu miaka ya 1990, Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury nchini Nyuzilandi, pamoja na wenzake, wamekuwa wakitengeneza mazoezi ya kuwafundisha watoto sayansi hii kwa kadi, kamba na chaki, na hawakufanya hivyo kwa sababu ya umaskini. Kinachofundishwa ni namna ya kuieleza kazi kwa hatua zilizo wazi kiasi kwamba hata asiyeelewa chochote akizifuata atafika. Kazi ya namna hiyo imo katika kila somo, na mimi, tofauti na wakufunzi wenzangu wengi wanaomkimbilia mwalimu wa Hisabati, humtafuta kwanza mwalimu wa Kiswahili.

Nitaeleza kwa nini. Katika shule moja ya msingi wilayani Chamwino, ambako umeme ulikuwapo katika ofisi ya mwalimu mkuu pekee, tuliwaomba wanafunzi wa Darasa la Sita waandike kwenye karatasi ya manila maelekezo ya kugeuza nomino za umoja kuwa wingi, kisha mmoja wao akawa "mashine", yaani mtu asiyeruhusiwa kutumia akili yake, anayefuata yaliyoandikwa na si zaidi. Maelekezo ya kwanza yalisema: kama neno linaanza na "m", ondoa hiyo "m", weka "wa". Mtoto ikawa watoto, mkulima ikawa wakulima, darasa likapiga makofi. Likaja neno mti, na mashine, bila aibu, ikaandika "wati". Walipokwisha kucheka, mmoja alipendekeza iongezwe hatua ya kuuliza kama kinachotajwa ni kiumbe hai; mwenzake wa dawati la nyuma akasimama: "Lakini mwalimu, kwenye Sayansi ulitufundisha kwamba mti nao ni kiumbe hai." Mwalimu alinitazama, nami nikatazama dirishani. Ilichukua dakika kumi nzima kabla hawajagundua kwamba jibu lilikuwa katika sentensi, kwa kuwa mtoto anaanguka ilhali mti unaanguka, na kwamba upatanisho wa kisarufi, ule wanaoukariri kila mwaka kwa ajili ya mtihani, ndio kipimo ambacho mashine inaweza kukitumia.

Hawakuishia hapo. Neno mwalimu lilitoka "wawalimu". Wakarekebisha kwamba kama neno linaanza na "mw" ziondolewe herufi zote mbili, likatoka "waalimu", kosa ambalo hata watu wazima huliandika kwenye mabango ya sherehe. Mwizi akatoka "waizi". Hapo ndipo walipolazimika kuitunga wenyewe kanuni kwamba "a" ikikutana na "a" hubaki moja, na "a" ikikutana na "i" huzaa "e", nao walimu na wezi wakatoka salama. Msichana mmoja akaijaribu kanuni hiyo kwa jino, akapata meno, akafurahi; akaijaribu kwa jicho, akapata "mecho", akakasirika. Tukafungua orodha ya pembeni ya maneno yanayokataa kanuni, kama anavyofanya mwandishi yeyote wa programu anapokutana na jambo lisilotii utaratibu. Katika kipindi kimoja cha Kiswahili watoto hao walikuwa wameandika programu, wameipima, wameyakuta makosa na kuyarekebisha, na hakuna mwalimu anayeweza kuniambia kwamba muda huo waliibiwa sarufi.

Naongeza hili, japo litawaudhi baadhi ya wasomaji: nimewahi kuingia katika shule iliyopewa kompyuta, nikazikuta stoo ndani ya maboksi yake kwa sababu madirisha ya chumba kilichotengwa hayakuwa na nondo. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta na haikuwa na somo. Sisemi vifaa visitafutwe. Vitafutwe, tena kwa bidii, lakini mwalimu asiyajenge maandalio yake juu ya shehena ambayo haijafika.

Dhana ya pili ni kwamba mtoto anayejua kuchapa barua na kutengeneza jedwali amekwisha kujifunza sayansi ya kompyuta. Hapana. Amejifunza kutumia kifaa, stadi nzuri na ya lazima, lakini kujua kuendesha pikipiki hakukufanyi fundi wa injini.

Ya tatu husemwa na walimu wenyewe, kwamba muhtasari umejaa na hakuna nafasi ya kuongeza somo. Hakuna kinachoongezwa, zoezi hubadilishwa na mada hubaki ileile. Mwalimu wa Jiografia anayewatuma wanafunzi kupima mvua anazo data tayari, na hapa Dodoma, ambako kwa miezi mingi ya kiangazi kipimo hukaa kikavu, kuna fundisho ambalo mtoto wa Bukoba hapati kwa urahisi: mwanafunzi aliyeacha nafasi wazi kwa sababu mvua haikunyesha na yule aliyeiacha kwa sababu hakwenda kupima wameandika kitu kimoja chenye maana mbili. Sifuri si sawa na nafasi tupu, na wastani wa mwezi utapotoka wasipolitambua hilo. Mwalimu wa Hisabati naye ageuze jalada la kitabu cha kiada, awaoneshe tarakimu 13 zilizo chini ya ile michirizi myeusi. Ya kwanza izidishwe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, vivyo hivyo hadi mwisho, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Wakibadilisha tarakimu moja, kosa litajulikana; wakipishanisha 1 na 6 zilizo jirani, mashine itanyamaza kana kwamba mambo ni shwari. Waambiwe watafute sababu, kisha kipindi kiachwe kijiendeshe.

Kuhusu madai kwamba mtoto lazima ajue Kiingereza kwanza, nitajibu kwa ufupi, kwa sababu wana-Chamwino wale wamekwisha kujibu. Maneno maalumu ya Python, lugha ya kuandikia programu, hayafiki 40, na Scratch, programu ya watoto kutoka chuo cha MIT cha Marekani, inayojengwa kwa vipande vya kupangwa badala ya kuandika, ina toleo la Kiswahili.

Na kuna hili jipya, kwamba akili mnemba itaandika programu zote, basi tujisumbue kwa lipi? Iulize iandike hizo kanuni za wingi. Atakayejua kwamba "mecho" si neno ni yule msichana aliyekasirika.

Kwa shule zitakazonialika muhula ujao: naomba karatasi nne za manila, kalamu ya wino mzito, kipindi kimoja cha dakika 40 na mwalimu wa Kiswahili. Projekta msinitafutie.